Vigae Havizuii Maji, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tunaingia bafuni. Msomaji wetu mmoja wa Kimisagara, Kigali, ameniandikia kwamba yeye na mumewe wanajijengea bafu la bomba la mvua kwa mikono yao wenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Vigae wameshanunua, wamevipanga chini ya kitanda. Wamekwama kwenye jambo ambalo wengi hulikumbuka maji yakishatokeza chumbani: chini ya vigae kunapakwa nini? Fundi wa mtaani kawaambia saruji nzito yatosha. Muuza duka wa Gakinjiro, pale Gisozi, anataka wachukue ndoo ya dawa ya mpira. Binamu aliye Canada katuma video ya mtu anayebandika karatasi ya rangi ya chungwa ukuta mzima, na ujumbe kwamba asiyefanya hivyo anatupa pesa. "Dada, tumsikilize yupi?"

Mdogo wangu, umenieleza rangi ya vigae, umenieleza bei, umenieleza hata kioo mtakachokitundika. Ukuta wenyewe hukuniambia ni wa nini. Na anayechagua dawa ni huo ukuta, si fundi, si muuza duka, wala si binamu. Kwa hiyo nitazungumzia nyumba za aina zote zilizopo huko kwenu, wewe utaitafuta iliyo yako.

Kwanza tuondoe imani moja. Kigae kimoja kimoja ukikimwagia maji yanateleza, ni kweli, lakini ukuta wa vigae umejaa mistari ya grauti, na grauti ni saruji na mchanga laini, ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Kila mnapooga maji kidogo yanapita hapo na kukaa nyuma. Vigae ni nguo ya harusi. Koti la mvua linavaliwa ndani yake. Ukilisahau, hutaona kitu kwa miezi mingi. Halafu siku moja rangi ya ukuta wa chumba cha pili inaanza kuvimba na kutoa unga mweupe, kigae ukikigonga kinalia utupu, na chumba kinanuka ubichi hata kiangazi.

Na nyinyi mko Kimisagara, pahali ambapo kosa la bafuni halikai bafuni. Aliyewahi kupanda kutoka Nyabugogo anajua zile nyumba zilivyoshikilia ubavu wa Mlima Kigali: sakafu ya huyu iko usawa wa bati la yule, na njia ya kwenda kwa jirani ni ngazi. Maji yanayopotea kwako yanashuka chini ya msingi wako na kutokea kwenye ukuta wa nyuma wa mtu wa chini. Yeye hatajua yanatoka wapi. Atadhani ni mvua.

Tena nyumba nyingi za huko, hasa za zamani, ni za rukarakara, lile tofali la udongo lililokaushwa juani, lililopigwa lipu ya saruji juu mpaka mgeni akadhani ni bloku. Silisemi vibaya. Likiwa kavu linabeba nyumba miaka na miaka, na Mamlaka ya Nyumba ya Rwanda ina mwongozo wa namna ya kulijengea. Adui yake ni maji. Mtu atanikumbusha kwamba Waswahili walioga vizuri kabla ya dawa za dukani: Zanzibar kuna hamamu ya Kidichi iliyojengwa 1850 enzi za Seyyid Said, na ile ya Hamamni ya Sultani Barghash, zote bila ndoo ya mpira. Ni kweli. Lakini kule ni kuta nene za mawe na chokaa, na jiwe likiloa linabaki jiwe. Rukarakara likiloa linarudi kuwa udongo, na lipu ya saruji iliyo juu yake inauzuia unyevu usitoke. Ukuta unaoza kutoka ndani huku uso wake ukiwa safi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua bisibisi, tafuta mahali pasipoonekana, chokonoa lipu mpaka upite. Ukitoka unga wa kahawia unaopondeka kwa vidole, hiyo ni rukarakara. Ukigonga kitu chekundu kigumu, ni tofali la kuchoma. Kijivu kinachokwaruza ni bloku la saruji. Dakika tano tu, na zitakuokolea faranga nyingi.

Tuseme ni tofali la kuchoma au bloku. Hapo una nafasi ya kuchagua, na mimi ningechukua ile dawa ya saruji yenye sehemu mbili: mfuko wa unga na dumu la kimiminika cheupe kama maziwa, unavichanganya mpaka viwe uji mzito, unapaka kwa brashi ya nywele ngumu. Sika wanayo, na kampuni nyingine zinayo kwa majina yao. Muulize muuzaji kama ni ile inayonyumbulika. Isiyonyumbulika itapasuka pamoja na ukuta. Inashikana na lipu kwa sababu nayo ni saruji, na gundi ya vigae inaishika bila matatizo. Fundi wenu aliyesema saruji nzito yatosha hakukosea sana, amekosea kidogo mahali pabaya. Saruji tupu, hata ukiichanganyia ile dawa ya unga ya kuzuia maji inayouzwa kwa pakiti, ni ngumu isiyonyumbulika. Nyumba ya mlimani inatulia, inasogea unywele, lipu inapasuka mstari mwembamba kuliko uzi, na uzi huo unatosha. Wekeni hiyo pakiti kwenye lipu mkipenda, haidhuru. Msiifanye ndiyo kinga yenu peke yake.

Dawa ya mpira ya Gakinjiro, ile ya ndoo inayopakwa kama rangi, nayo ni nzuri, inanyumbulika kuliko ya saruji, na haina kuchanganya. Inataka ukuta uliokauka kabisa. Hapa ndipo muuzaji hatakuambia, kwa sababu yeye anauza mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua za itumba zikiwa zinapiga kila alasiri, lipu mpya ya Kimisagara itakauka lini? Ukipaka mpira juu ya lipu yenye unyevu, utando unaota malengelenge, na baada ya muda unaubandua kwa kucha. Dawa ya saruji ni kinyume chake, yenyewe inataka ukuta uloweshwe kidogo kabla ya kupaka, unyevu bila maji kutiririka. Kwa hiyo msimu wa mvua, ya saruji. Kiangazi, Juni hadi Agosti, chagua yoyote kati ya hizo mbili. Ila kwa vyovyote lipu na sakafu mpya zipewe muda: zimwagiwe maji kwa wiki nzima zisipasuke, kisha ziachwe. Zege linahesabiwa limekomaa siku 28. Najua mna haraka ya kuoga.

Kuna ukuta mmoja wa kuutazama kwa jicho kali, nao ni ule wa upande wa mlima. Nyumba nyingi kwenu zimechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma unashikana na udongo, na bafu mara nyingi hupelekwa huko huko nyuma. Huo una maji ya pande mbili: yenu ya kuoga na ya mlima yanayosukuma kutoka nje. Dawa ya mpira haihimili kusukumwa kutoka nyuma, itabanduka. Ya saruji inastahimili kiasi, kiasi tu. Tiba iko nje ya nyumba: mfereji wenye kokoto nyuma ya ukuta, mfereji wa bati unaopeleka maji ya paa mbali, udongo ulioondolewa ukutani. Kama hamwezi kufika nyuma ya ukuta huo, hamishieni bomba la mvua ukuta mwingine. Nasema hivyo bila kuzunguka.

Sasa wa rukarakara. Mdogo wangu, kama bisibisi imetoa unga wa kahawia, usipake kitu chochote moja kwa moja juu ya ile lipu ya zamani. Gonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole. Utasikia mahali palipoachana na udongo. Ninachopendelea mimi ni kuuacha ukuta wa udongo upumzike na kujenga mbele yake ukuta mwembamba wa matofali ya kuchoma au bloku, upande wa kuogea tu, juu ya kipande chake cha zege. Utapoteza kama sentimita kumi na kitu kila upande. Utapata mahali pa kupitisha bomba bila kuchimba udongo, na hilo peke yake lina thamani: bomba lililofukiwa ndani ya rukarakara likianza kuvuja usiku maji yanaporudi kwa nguvu, asubuhi hakuna cha kuziba. Kama nafasi haitoshi kabisa, bandua lipu yote ya zamani, pigilia wavu wa kuku ukutani kwa misumari mirefu, piga lipu mpya juu yake, halafu dawa ya saruji inayonyumbulika. Itafanya kazi. Sitakuahidi miaka ishirini.

Na binamu wa Canada? Msimcheke. Karatasi ile ya chungwa ni ya kampuni ya Schluter ya Ujerumani, inaitwa Kerdi, na ni kitu cha maana. Lakini mwangalie mtu wa kwenye video anaibandika kwenye nini. Kuta za kule ni fremu za mbao zilizopigiliwa bodi za jasi au za saruji, na mbao zikiloa zinaoza, ndiyo maana wakawa wakali hivyo. Wewe una ukuta wa tofali ulionyooshwa kwa jicho na mwiko. Karatasi inataka ukuta uliolala sawasawa, ukiwa na mabonde inaacha mifuko ya hewa. Pia inataka sifoni, lile tundu la kutolea maji sakafuni, ya jamii yake yenye mdomo mpana wa kuibandikia. Binamu akikuletea furushi zima, pamoja na sifoni na pembe zake, na lipu yenu ikakubali rula ndefu bila mwanga kupita chini yake, pokea kwa mikono miwili. Akileta karatasi tupu, mshukuru na uendelee na brashi yako.

Viwili nitavikataa moja kwa moja. Lami ya kuchoma kwa moto, ile ya juu ya paa za zege, haishikani na gundi ya vigae. Vigae vitateleza na lipu juu yake. Na nailoni au shitingi inayotandikwa chini ya sakafu: inazuia unyevu wa ardhini usipande, basi. Haipandi ukutani, inatobolewa na kokoto ya kwanza, na maji ya kuoga yanaikuta yanabaki juu yake yananuka.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana dawa nzuri ikipakwa vibaya ni hasara mara mbili. Mabafu hayavuji katikati ya ukuta. Yanavuja pembeni, mahali ukuta unapokutana na sakafu, na kwenye sifoni.

Pembeni kwanza. Sakafu na ukuta kila mmoja unasogea kivyake, kwa hiyo dawa peke yake itakatika hapo. Unapaka tabaka la kwanza kwenye pembe, na likiwa bado bichi unalaza juu yake utepe wa kitambaa cha kazi hiyo, nusu juu ya ukuta, nusu juu ya sakafu, kama sentimita 10 kila upande, unaukandamiza kwa brashi mpaka dawa itokeze kwenye matundu yake, halafu unapaka tena juu. Usikunje, usiache kiputo. Wavu wa nyuzi za kioo wa bei rahisi usiutumie, saruji inaula. Uliza ule unaohimili saruji, au kitambaa cha poliesta.

Sifoni ndiyo inayotaka akili. Zile ndogo za mraba zinazouzwa kila duka hazina mdomo wa kupokea utando, na bomba la plastiki ni laini, dawa ya saruji haiwezi kulishika. Mara nyingi fundi hukandika saruji kulizunguka na kuondoka. Fanya hivi: chimba mfereji mwembamba kuzunguka shingo ya sifoni, kina cha kidole, kwaruza plastiki kwa msasa mpaka iwe na makovu, futa vumbi lote, jaza mfereji huo kwa gundi laini ya poliuretani ya bomba la kubinya, na ikishikana, paka dawa ya saruji juu yake pamoja na kipande cha kitambaa kilichotobolewa katikati, mpaka utando uingie kidogo ndani ya shingo. Maji yaliyopita chini ya vigae lazima yapate njia ya kuingia sifoni. Yakiishia pembeni mwake, bafu zima limekuwa beseni.

Mteremko wa sakafu uwekwe kabla ya dawa, si kwa gundi ya vigae baadaye. Sentimita 2 kwa kila mita. Bafu la sentimita 90 kwa 90 lenye sifoni katikati, ukutani pawe juu kuliko sifoni kwa kama sentimita moja. Weka pimamaji na umwage kikombe cha maji uangalie yanavyokimbia. Na kizingiti kipakwe juu na pande zote mbili. Ukutani panda mita 2, au angalau juu ya kichwa cha bomba la mvua. Wengine huishia kiunoni wakidhani maji yanaogopa kupanda.

Matabaka ni mawili, la pili likipita kinyume cha la kwanza, moja wima, jingine mlalo. Yote pamoja yafike kama milimita 2. Kwa unene huo dawa ya saruji inakula kilo 3 hadi 4 kwa kila mita ya mraba, na bafu la ukubwa niliotaja lenye kuta tatu linakaribia mita za mraba 6 na nusu, kwa hiyo mtahitaji kilo 20 na zaidi. Soma mfuko, kila kampuni ina kipimo chake. Ukimaliza bafu zima na nusu ya mfuko ikabaki, usifurahi, umepaka rangi. Changanya kidogo kidogo kwani dawa inaganda ndani ya ndoo mapema, kwa hiyo msianze asubuhi ya umuganda, ile kazi ya jamii, mkitegemea kurudi saa tano kuendeleza. Na umuyedi, msaidizi wa fundi, akitaka kuongeza maji ili iwe nyepesi kupaka, mnyang'anye dumu.

Kisha jaribio, ambalo mafundi wengi hulipita wakikimbilia vigae. Dawa ikishakomaa, ziba sifoni kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya plastiki, jaza maji mpaka karibu na kizingiti, weka alama ya penseli ukutani, na uache saa 24. Kando yake weka kikombe cha maji nacho kikiwa na alama, ujue kiasi kilichokauka chenyewe kwa hewa. Ikiwa ya bafuni yameshuka kuliko ya kikombe, yamepita mahali. Shuka ngazi, bisha hodi kwa jirani wa chini, umwombe akuoneshe ukuta wake wa nyuma. Mwambie kabla ya kujaza, si baada. Wale wa maghorofa ya matofali ya mradi wa Mpazi, hapo karibu yenu, wao waangalie dari ya aliye chini yao. Kurekebisha tundu sasa ni kazi ya nusu saa na brashi. Baada ya vigae ni nyundo.

Na maji yakishaingia sifoni yanaenda wapi? Hilo pia hukuniambia. Shimo la kunywea maji lililochimbwa juu kidogo ya nyumba ya mwenzio litamletea kile kile tulichomkinga nacho. Piteni ofisi ya sekta muulize kabla ya kuchimba, na kuhusu kibali cha ujenzi wenyewe pia.

Kuhusu kubandika vigae sitasema mengi, naona mumeo ana mkono. Tumieni gundi ya vigae na mwiko wa meno, isambae kigae kizima. Zile tonge tano za saruji nyuma ya kigae zinaacha mapango ya kuhifadhi maji. Pembeni zote, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, msiweke grauti, wekeni silikoni. Kishikio cha sabuni kigundishwe, hakuna kutoboa ukuta kwa drili baada ya kazi yote hii. Na dirisha, hata la viganja viwili, liwepo. Utando unazuia maji, mvuke unataka mlango wake.

Umemalizia barua kwa kuuliza kama grauti nyeupe itapendeza na hivyo vigae vya samawati. Itapendeza sana wiki ya kwanza. Chukua ya kijivu.